Pima Intaneti Kabla Mkongo Haujawashwa

Kisiwa cha Saint Helena kimejitenga katikati ya Atlantiki ya Kusini. Ndiko alikofia Napoleon mwaka 1821, na karne moja hivi baadaye Waingereza wakamhamishia huko Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar. Hadi mwaka 2023, wakazi wake wapatao 4,400 walitegemea setilaiti kwa intaneti yao yote. Tawi la mkongo wa Equiano, unaotoka Ureno hadi Afrika Kusini, lilifikishwa kisiwani Agosti 2021, na huduma ikaanza Oktoba 2023.

Kipindi kama hicho cha kusubiri ni cha thamani kwa wapimaji. Mkongo ukishawashwa, hali ya awali haipimiki tena, na anayedai kuwa huduma imeboreka anakosa cha kulinganishia.

Wengi hutazama kasi tu, yaani megabiti kwa sekunde. Kwa setilaiti, kero kubwa ni muda wa kusubiri jibu. Setilaiti ya aina iliyokihudumia kisiwa hicho hukaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Ombi lako hupanda na kushuka. Jibu nalo hupanda na kushuka. Jumla inapita kilomita 143,000. Hata kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu sekunde, na hakuna fundi awezaye kuipunguza. Ndani ya mkongo nuru hupungua mwendo hadi kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, ila njia ni fupi: seva iliyo umbali wa kilomita 1,000 hujibu kwa takriban milisekunde 10.

Kipimo cha msingi ni ping, programu inayotuma pakiti ndogo na kuhesabu muda hadi jibu lirudi. Ukiona milisekunde 610, 615, 620, laini ni ya mbali lakini imetulia. Ukiona 610, 1,400, 900, kisha kimya, shuku foleni: watumiaji wamejazana, na baadhi ya pakiti zimetupwa njiani. Daktari anayeshauriana na bingwa kwa video anaweza kusumbuliwa zaidi na kuyumba huko kuliko uchache wa megabiti.

Pima kwa waya, usije ukapima udhaifu wa Wi-Fi ya nyumbani. Rudia alfajiri na saa mbili usiku, watu wanapokuwa mtandaoni kwa wingi. Tumia seva iliyo nje ya kisiwa, kwa kuwa ya jirani itakupa majibu matamu kupita hali halisi. Wala usitegemee faili dogo: itifaki ya TCP huanza kutuma kidogo kidogo ikisubiri uthibitisho, hivyo kwa setilaiti faili humalizika kabla laini haijashika kasi.

Takwimu hizo zina kazi hata baadaye. Mei 2024, hitilafu katika mikongo ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na Kenya. Kisiwa chenye mkongo mmoja kina hatari zaidi: ukikatika, kitarudi kwenye setilaiti, na vipimo vya zamani ndivyo vitakavyoonyesha huduma zipi hospitali inaweza kuendelea nazo na zipi zisubiri.