Usiisugue kwanza: jinsi ya kutambua tsuba halisi ya Kijapani

Mzee anapofariki na watoto wakaanza kufungua makabati, hukutwa vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuelezwa habari zake. Katika familia za Japan, Uingereza au Marekani, kimoja kati ya vitu hivyo huweza kuwa kipande cha chuma cha mviringo, chenye upana wa sentimita saba au nane, kilichotobolewa katikati na kukolea rangi ya kahawia. Kwa asiyekijua ni kama kisahani kilichoota kutu. Mmoja wa wanafamilia, tena kwa nia njema kabisa, hukiloweka kwenye siki, kisha akakisugua kwa waya wa kusugulia sufuria mpaka king'ae. Kazi hiyo ya jioni moja inatosha kuharibu kitu kilichotunzwa kwa vizazi.

Kipande hicho kinaitwa tsuba. Ni kinga inayokaa kati ya mpini na makali ya upanga wa Kijapani ili mkono usiteleze kuelekea kwenye makali. Mwaka 1876 serikali ya Japan ilipiga marufuku watu kubeba panga hadharani, isipokuwa wachache kama wanajeshi na polisi. Mafundi wakakosa wateja wao wa siku zote, na tsuba nyingi zikatolewa kwenye panga zake na kuuzwa moja moja kwa wageni. Baada ya vita vya mwaka 1945, askari wa Marekani nao walirudi kwao na panga nyingi kama kumbukumbu. Ndiyo maana tsuba huibuka leo kwenye droo za watu ambao hawajawahi kufika Japan, na kwenye minada ya mtandaoni ambako mtu mwenye simu popote alipo anaweza kuinunua, au kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Swali la kila mtu ni moja: hii ni halisi? Lakini ndani yake mna maswali matatu. Je, ni ya kale au ni nakala ya juzi? Je, ilitengenezwa kwa ajili ya upanga, au kwa ajili ya mgeni aliyetaka zawadi? Na jina lililochongwa juu yake, je, ni la fundi aliyeitengeneza kweli? Tsuba inaweza kuwa ya kale kabisa na bado ikawa na jina la uongo. Muuzaji mjanja hujibu swali la kwanza, kisha akakuacha udhani ameyajibu yote.

Tuanze na chuma. Tsuba nzuri za chuma zilifuliwa kwa nyundo, kisha michoro ikakatwa kwa tindo, msumeno na tupa. Nakala nyingi zinazouzwa leo zimesubiwa, yaani madini yaliyoyeyushwa yamemiminwa kwenye kalibu. Tofauti huonekana mahali ambapo watu wengi hawatazami: kwenye kuta za ndani za matundu ya urembo. Chukua kioo cha kukuzia, simama karibu na dirisha, tazama humo ndani. Kilichokatwa kwa mkono huwa na kingo kali na mikwaruzo ya tupa. Kilichosubiwa huwa na kingo za duara, kana kwamba kitu kizima kimelainika kama sabuni iliyotumika. Huenda ukaona vitundu vidogo vya hewa, au mstari mwembamba unaozunguka ukingo pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Huo mstari ukiuona kwenye tsuba ya chuma, mazungumzo na muuzaji yanaweza kuishia hapo.

Wengine hushauri kuigonga na kusikiliza mlio, kwamba chuma kilichofuliwa hulia kama kengele. Ushauri huo una ukweli kidogo, lakini mlio hubadilika kwa unene na kwa umbo la matundu, na sikio la anayetaka kununua husikia kile linachotaka kusikia. Sumaku nayo husaidia nusu tu. Nakala za zinki hazivutwi na sumaku, ni kweli, lakini hata tsuba halisi za shaba hazivutwi.

Sehemu inayosema mengi kuliko zote ni tundu la katikati. Lina umbo la kabari, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, kwa sababu humo ndimo ulimopita mkia wa upanga ulioingia kwenye mpini. Kila upanga ulikuwa na mkia wa kipimo chake, na tsuba moja iliweza kuhamishwa kutoka upanga mmoja hadi mwingine. Kila ilipohamishwa, fundi alilazimika kulirekebisha tundu. Alilipanua kwa tupa, au alilibana kwa kupiga alama za patasi pembeni yake, au alipachika vipande vidogo vya shaba laini kwenye ncha ili mkia ukae bila kucheza. Aliyewahi kutazama jembe la zamani, pale mpini unapoingia, atalielewa jambo hili bila maelezo marefu. Chuma kilichofanya kazi huwa na makovu ya kazi.

Kuzunguka tundu hilo kuna eneo la umbo la yai ambalo lilifunikwa na vibati vyembamba vya kukaza. Kwenye tsuba iliyokaa muda mrefu kwenye upanga, eneo hilo mara nyingi huwa na rangi tofauti kidogo na sehemu nyingine, na pengine utaona kivuli cha vibati vyenyewe. Mwigaji anaweza kuiga joka au maua ya mcheri, lakini ni wachache wanaojisumbua kuiga historia hii ya kuvaliwa na kuvuliwa. Tundu la nakala mara nyingi ni safi mno, na pengine hata umbo lake si la mkia wa upanga wowote.

Hata hivyo, usafi peke yake si hukumu. Zipo tsuba bora zilizotengenezwa kama zawadi au mapambo na hazikuwahi kufungwa kwenye upanga.

Pembeni ya tundu kubwa, tsuba nyingi huwa na tundu moja au mawili madogo. Moja ni la kupitisha kisu kidogo kilichochomekwa kwenye ala, la pili ni la kijiti cha chuma cha kutengenezea nywele. Wakati mwingine matundu hayo yamezibwa, na hapa mzazi anatakiwa kuwa makini, kwa sababu baadhi ya vizibo ni vya madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio hudhurika zaidi kwa kuwa huweka kila kitu mdomoni na ubongo wao bado unakua. Kizibo laini cha rangi ya kijivu kinachokwaruzika kwa ukucha kichukuliwe kuwa ni risasi. Kisitolewe, maana ni sehemu ya historia ya kitu hicho, lakini tsuba hiyo isiwe kitu cha mtoto kuchezea, na mikono ioshwe baada ya kuishika.

Sasa jina. Mafundi waliotia saini waliichonga kwa kawaida kando ya tundu la katikati, na mgeni akiona maandishi ya Kijapani huamini ameshika hazina. Ukweli ni kwamba tsuba nyingi za chuma za zamani hazina saini kabisa, na baadhi ya majina makubwa ndiyo yaliyoghushiwa kupita mengine. Nobuie na Kaneie, mafundi wa chuma wanaosifiwa sana, waliigwa kwa karne nyingi. Jina la Soten wa Hikone, anayehusishwa na tsuba zenye watu wengi waliochongwa katikati ya miti na mawimbi, limewekwa kwenye kazi nyingi sana ambazo mkono wake haukuzigusa. Tena kughushi huku hakukuanza na intaneti. Kulikuwepo Japan yenyewe, na bandari ya Yokohama ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1859, soko likapanuka. Wajapani wana neno la bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni wa bandari hiyo: hamamono, yaani vitu vya Yokohama. Nyingi zina dhahabu nyingi na michoro imejaa hadi ukingoni. Kwa hiyo tsuba ya chuma isiyo na jina, iliyotulia, yenye tundu lililochoka, inaweza kuwa bora kuliko ile yenye saini ya mtu maarufu.

Turudi kwenye siki. Rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi yenye uzambarau kidogo kwenye tsuba ya chuma si uchafu. Ni ngozi yake, iliyotengenezwa na fundi na kukomazwa na miaka ya kushikwa. Kutu mbaya ni ile nyekundu inayochafua kidole. Hata hiyo, wakusanyaji huishughulikia polepole mno, kwa kitambaa cha pamba, na palipo pagumu kwa kipande cha mfupa au pembe ya kulungu ambacho ni laini kuliko chuma chenyewe. Hakuna msasa wala brashi ya waya. Tindikali za kutolea kutu zinazouzwa dukani hula ngozi ya chuma, na mvuke wake huwasha macho na kifua cha anayesafisha jikoni akiwa na mtoto mgongoni. Kuchanganya siki na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe ni hatari zaidi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Tsuba zisizo za chuma ndizo huumia haraka. Shakudo ni shaba iliyochanganywa na dhahabu asilimia chache, na shibuichi ni shaba iliyochanganywa na fedha. Weusi wa shakudo wenye kung'aa kibuluu uko juu juu tu, umetokana na kuchovywa kwenye dawa maalumu. Ukisugua unabaki na wekundu wa shaba, na kuurudisha weusi huo ni kazi ya fundi bingwa. Ikumbukwe pia kuwa kwenye shaba ile kanuni ya kusubu haifanyi kazi vilevile, kwani zipo tsuba za kale za shaba zilizosubiwa kihalali.

Kwa anayetaka uhakika, njia inayoheshimiwa zaidi ni kuipeleka kwa jopo la wakaguzi. Chama cha Kuhifadhi Panga za Sanaa za Japan, kinachojulikana kwa kifupi NBTHK, kilianzishwa mwaka 1948 na kina makumbusho yake Ryogoku, Tokyo. Wakaguzi wake huishika tsuba yenyewe, si picha, na ikipita hutoa cheti. Mfumo wa vyeti vyake ulibadilishwa mwaka 1982, na wakusanyaji wengi hutaka tsuba yenye cheti cha kabla ya hapo ikaguliwe upya. Muuzaji anayeringia karatasi ya zamani aulizwe kwa nini hajafanya hivyo.

Kabla ya kufika huko, jicho linaweza kufundishwa bila gharama. Metropolitan Museum ya New York na Museum of Fine Arts ya Boston zimeweka mtandaoni picha za tsuba zao. Makumbusho ya Ashmolean huko Oxford ina mkusanyiko ulioachwa na Arthur Church, Mwingereza ambaye kazi yake ilikuwa kemia. Jioni mbili tatu za kutazama picha hizo, ukiangalia tundu la katikati kabla ya joka, zinatosha kukufanya usite mbele ya nakala nyingi.

Anayenunua kwa simu aombe picha za pande zote mbili, ya ukingo na ya ndani ya matundu. Muuzaji akituma picha moja tu ya mbele, tena yenye mwanga mkali, hilo nalo ni jibu.

Aliyerithi hana haraka ya kufanya lolote. Tsuba ikae kavu, ndani ya kitambaa cha pamba na kisanduku cha mbao, juu pasipofikiwa na watoto, pamoja na karatasi yenye jina la aliyeileta nyumbani, mwaka, na mahali alipoipata, iandikwe wakati bado yupo anayekumbuka.