Bondo la Sangara na Haki ya Mvuvi

Sangara aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vimekuwa vikikata minofu yake na kuisafirisha Ulaya. Minofu hiyo haifiki nusu ya uzito wa samaki. Sehemu iliyobaki iende wapi?

Jibu la kwanza lilitoka kwa wananchi wenyewe. Vichwa na mifupa yenye nyama kidogo, vinavyojulikana kwa jina la mapanki, vilinunuliwa kwa bei nafuu, vikakaangwa au kukaushwa, vikawa kitoweo cha familia zisizomudu minofu na riziki ya akina mama wachuuzi. Masalio mengine nayo yakapata wateja: mafuta yakayeyushwa, mifupa ikasagwa kuwa chakula cha mifugo, na huko Kisumu, nchini Kenya, ngozi ikatengenezwa viatu na mikoba. Wataalamu huuita mwenendo huu uchumi mzunguko, ambamo taka ya mmoja huwa malighafi ya mwingine. Sisi tuliokatazwa israfu tuna kila sababu ya kuufurahia.

La kustaajabisha zaidi ni bondo, ule mfuko wa hewa unaomwezesha samaki kuelea. Wachina hulithamini kwa supu, na likisha kukaushwa, kilo yake huuzwa kwa bei inayoipita mbali kilo ya minofu.

Hapa ndipo tunapopaswa kutafakari. Thamani mpya haimfikii kila mtu kwa sababu tu imepatikana. Mvuvi amuuzapo sangara mzima kwa bei ya minofu, bondo huondoka bure. Panki likipata mnunuzi mwenye mashine ya kusaga, mama aliyekuwa akilikaanga hulazimika kushindana naye kwa bei asiyoiweza, na sahani ya maskini hupungua. Tena tamaa ya bondo ikizidi, uvuvi huongezeka kupita uwezo wa ziwa, na hata samaki wachanga hawasalimiki, ilhali sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Ziwa likiisha samaki, hapatakuwa na minofu wala masalio.

Tunawashauri wavuvi waulizie bei ya bondo kwa pamoja, kupitia vikundi vyao, kabla mitumbwi haijafika mwaloni, na wadai ihesabiwe katika bei ya samaki. Wenye viwanda nao watenge sehemu ya mapanki kwa wachuuzi wadogo, kwani hao ndio walioyapa soko wakati wengine wakiyaona taka. Na sisi wanunuzi tumkatae sangara mchanga hata akiuzwa rahisi.

Biashara inayookoa kilichokuwa kikitupwa ni neema. Ili neema hiyo iwe na baraka, mizani yake imtendee haki yule aliyekesha ziwani.