Mpanda ngazi hushuka: tairi kwanza, breki pili, mbio baadaye

Kati ya Tukuyu na tambarare za Kyela barabara inashuka takriban mita 1,000. Gari la tani moja likiteremka kimo hicho linaachia nishati ya kutosha kuchemsha ndoo moja na nusu ya maji, ndoo ile ya lita 20. Sehemu ya nishati hiyo inamezwa na upepo, na nyingine na injini ikiwa dereva ameshusha gia. Inayobaki inageuka joto kwenye diski na dramu za breki. Hesabu hiyo ingefaa iwe ya kwanza kwa yeyote anayelifufua gari la spoti la zamani na kulitia nguvu mpya. Badala yake, miradi mingi ya namna hiyo inaanzia kwenye kabureta kubwa, ekzosi yenye mngurumo na injini iliyobadilishwa, halafu matairi na breki vinanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Mpangilio huo umepinduka. Tairi lichaguliwe kwa kuitazama barabara, breki zichaguliwe kwa kulitazama tairi, na nguvu ya injini iongezwe mwisho kabisa, kwa kiasi ambacho viwili hivyo vinaweza kukizuia.

Tuchukue Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki ina haki ya kuliita lake kwa heshima. Lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lilitoka kiwandani na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita, diski mbele, dramu nyuma, na matairi ya upana wa milimita 175 kwenye ringi za inchi 14. Kwa macho ya leo matairi hayo ni membamba kama ya gari la kubebea mboga. Hata hivyo gari lililoshinda kwenye tope na mawe ya Safari lilikuwa limeinuliwa, likiwa na matairi yenye mbavu ndefu, mbali kabisa na mtindo wa sasa wa kulilaza gari chini na kulivisha raba nyembamba kama mkanda. Waandaaji wake walikuwa wameisoma barabara kwanza.

Breki kazi yake ni kusimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi, kupitia sehemu nne zinazogusa lami, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Kwa hiyo diski kubwa juu ya tairi kuukuu inachofanya ni kulifunga gurudumu mapema zaidi, na gari likaendelea kuteleza. Hapa mwenye gari atasema: basi nitavaa tairi pana zaidi. Kwenye lami kavu ana hoja. Lakini Kyela na Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini Tanzania, na tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma pembeni. Watafiti wa NASA walionyesha katika miaka ya 1960 kwamba mwendo ambao tairi linaanza kuelea juu ya maji unategemea sana presha yake. Kwa kanuni yao, tairi lenye presha ya psi 28 likikutana na maji mengi kuliko mifereji yake inavyoweza kuyatoa huelea kwenye kilomita 88 kwa saa hivi. Likiachwa lishuke hadi 20, huelea kwenye 75. Likishaelea, breki za bei yoyote hazina cha kushika.

Kwa barabara hizi chaguo la busara ni la wastani: ringi ya inchi 15 na tairi la 195/65. Kimo chake kinakaribia kile cha tairi la awali, kwa hiyo spidomita haidanganyi sana, na mbavu zake zina nafasi ya kumeza shimo bila kupinda ringi. Tena ni saizi inayovaliwa na Noah nyingi, na tairi likipasuka Ibanda, Kyela, jipya halitalazimika kuagizwa ng'ambo. Kabla ya kulipa, msomaji asome tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka kumi lililokaa stoo huweza kung'aa kama jipya huku raba yake imekauka, na huo ndio mtego mkubwa wa magari yanayotembea Jumapili tu.

Tairi likishajulikana, breki zinapimwa kwa joto. Kusimama mara moja kutoka kilomita 80 kwa saa ni kazi ndogo. Mteremko wa Tukuyu hadi Kyela, kwa nishati, unafanana na kusimama hivyo mara 40. Wenye 240Z waligundua zamani kwamba kalipa za pistoni nne za pikapu za Toyota za miaka ya 1980, zile zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne, zinakaa mbele ya gari hilo kwa kazi ndogo tu. Kwa nchi iliyojaa Hilux, hiyo ni habari njema. Ila pistoni zikiwa kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi, pedali itashuka zaidi, na masta silinda kubwa itahitajika. Uwiano wa mbele na nyuma nao lazima upimwe upya, maana magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya ya mbele, gari linageuka mkia mbele. Kisha kuna mafuta ya breki yenyewe. DOT 4 mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi kwenye sakafu. Kwa unyevunyevu wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, kuyabadilisha kila mwaka si ubadhirifu.

Wapo watakaopinga kwamba gari la kale linapoteza thamani likiguswa. Ni kweli kwa gari ambalo halijaguswa. Lakini aliyekwisha kuongeza nguvu ya injini ameshauvunja mkataba na kiwanda: mwendo ukipanda kutoka 60 hadi 80, yaani theluthi moja tu, nishati ya kuzuia inapanda kwa karibu asilimia 78, na breki za 1970 hazikuahidi kuibeba. Wengine watauliza: huko Talatala, Kyela, kwenye mashamba ya mpunga na kakao, magari hayo yako wapi? Ni machache mno, lakini fizikia haichagui. Noah iliyojaza abiria na lori linaloelekea mpakani Kasumulu vinashuka mlima uleule, na kipimo chao ni hichohicho.

Kwa hiyo anayeandaa bajeti aikate hivi: kwanza matairi manne mapya ya saizi moja, pili breki na mafuta yake, tatu shokapu. Kitakachobaki ndicho cha injini, na kama hakibaki kitu, gari lake tayari limekuwa bora kuliko lilivyokuwa.