Kivumbasi katika Maharagi

Watu wengi wa Kivu wakisha kuvuna maharagi huyauza upesi kwa bei ndogo. Si ukosefu wa akili: wanaogopa vidudu. Wakati wa kupanda watanunua tena kwa bei kubwa. Basi tuangalie dawa moja ambayo jirani zetu wa Rwanda wameitumia tangu zamani: majani makavu ya kivumbasi, ambacho wataalamu hukiita Ocimum canum.

Majani hayo yana mafuta, lakini si kama ya mawese. Tukumbuke Krisma: ndani yake mna mafuta ya mizeituni pamoja na balsamu. Mafuta ya mizeituni yakidondoka juu ya nguo, doa linabaki. Harufu ya balsamu huruka hewani. Mafuta ya kivumbasi ni ya namna hii ya pili. Mwaka 1991 wataalamu waliochunguza majani ya Rwanda walitangaza kwamba sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho linaloli. Kidudu hakina mapafu. Huvuta hewa kwa vitundu vidogo vya ubavuni. Mvuke wa linaloli huingia humo, ukavuruga mishipa yake ya fahamu hata kikafa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatandika ndani ya gunia majani mazima, yaliyokaa juani siku nyingi, kisha wanasema dawa ya wazee ni uongo. Lakini nguvu yake imekwisha kuruka! Majani yaanikwe kivulini, yatwangwe siku ile ile ya kuweka akiba, unga wake uchanganywe na maharagi, na chombo kifungwe vizuri, kama mtungi wenye kifuniko au bidoni. Gunia halizuii mvuke.

Tena, kidudu kile tunachokiona hakili maharagi. Anayekula ni funza wake, naye amejificha ndani ya punje karibu mwezi mzima; mvuke humfikia kwa shida. Kwa hiyo tusishangae wengine wakitokea baada ya majuma mawili. Kwanza maharagi yakauke sana, yapepetwe, zenye matundu zitolewe. Na baada ya majuma machache utiwe unga mpya. Mafuta yenyewe, yale ya chupa, tusiyamwage katika chakula: ni makali mno.

Katekista mwenye kilo 20 za mbegu ajaribu kwanza kilo 2, na nyingine 2 aziweke bila dawa katika chombo cha namna ile ile, apate kulinganisha mwenyewe.