Je, Wajua? Kauri Ukutani, Kutoka Lisbon Hadi Kisangani

Mgeni akifika Lisbon au Porto hupewa ushauri mmoja: tembea kwa miguu, uangalie kuta. Nyumba, makanisa na hata vituo vya treni vimevishwa vigae vya buluu na nyeupe. Msomaji aliye Kisangani, kwenye kona ya mto Kongo, anaweza kudhani habari hiyo haimhusu. Inamhusu sana, ila njia yake inapita pwani ya Waswahili. Tufuatane.

Je, wajua kwamba jina la vigae vya Ureno ni la Kiarabu?
Wareno huviita azulejo. Kwa kuwa azul kwa lugha yao ni buluu, wengi hudhani jina limetoka huko. Limetoka kwenye neno la Kiarabu az-zulaij, yaani jiwe dogo lililosuguliwa likang'aa. Ufundi wenyewe waliurithi kwa Waislamu wa Andalusia. Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza vigae vya kasri lake la Sintra kutoka Sevilla, mwanzoni mwa karne ya 16. Ukitaka kuona mapenzi hayo yalikofika, ingia kituo cha treni cha São Bento mjini Porto: ukumbi wake una vigae vipatavyo 20,000, kazi ya msanii Jorge Colaço.

Je, wajua kwamba buluu ile iliona pwani yetu kwanza?
Azulejo za zamani zilikuwa za rangi nyingi. Buluu na nyeupe zilitawala kuelekea mwisho wa karne ya 17, baada ya Ulaya kuvutiwa na vyombo vya China na vigae vya Waholanzi vilivyoviiga. Lakini vyombo hivyo vya China vilikuwa vikiletwa Afrika Mashariki kwa majahazi tangu kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498. Mabaharia wa Kireno walivikuta vimeshakuwa sehemu ya maisha ya mji.

Je, wajua kwamba wazee wetu walivipachika makaburini?
Nenda Mambrui, kaskazini mwa Malindi, au Kunduchi, nje kidogo ya Dar es Salaam. Utaona makaburi ya nguzo: nguzo ya mawe ya matumbawe iliyopigwa lipu ya chokaa, na ndani ya lipu hiyo mabakuli na sahani za Kichina. Fundi alikizamisha chombo chokaa ikiwa bado mbichi, mpaka ukingo wake ukalingana na ukuta. Vingi vimeng'olewa. Usiyapite yale mashimo ya duara ukadhani ni uchakavu tu. Chungulia: ndani ya shimo, chokaa imehifadhi pete ndogo, alama ya kitako cha bakuli lililokaa pale kwa karne kadhaa. Aliyeling'oa aliondoka na bakuli, akatuachia muhuri wake.

Je, wajua kwamba Kilwa na Lisbon zilipamba dari kwa namna moja?
Kilwa Kisiwani kuna msikiti mdogo wa kuba ambamo mabakuli yaliyong'arishwa rangi yalipachikwa juu, kwenye dari. Mwenye kuswali akiinua macho aliyaona juu ya kichwa chake. Mjini Lisbon, katika Kasri la Santos, kuna chumba ambacho dari yake, yenye umbo la piramidi, imefunikwa kwa sahani za Kichina zaidi ya 260. Dari hiyo ni ya karne ya 17. Msikiti wa Kilwa umeitangulia.

Je, wajua kwamba nyumba za Gedi zina majina ya vitu?
Mji huu wa kale ulio karibu na Watamu, ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, unazungukwa wote kwa miguu chini ya kivuli cha msitu. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na nyumba zikapewa majina ya vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Je, wajua kwamba askari wa Kireno nao walipamba ukuta Mombasa?
Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593. Ndani yake kumehifadhiwa ukuta ambao askari waliokuwa zamu waliuchora merikebu na watu kwa rangi nyeusi na nyekundu. Walikuwa mbali na kwao, wakachora chombo cha kuwarudisha.

Je, wajua kwamba neno "kauri" lina siri?
Kwa Kiswahili, kauri ni simbi wa baharini, na pia ni udongo mweupe wa kikombe na bakuli. Waitaliano walifanya vivyo hivyo: porcellana lilikuwa jina la simbi huyohuyo kabla halijawa jina la vyombo vya China. Na hapa ndipo Kongo inapoingia. Bakuli la kauri lilibaki pwani, simbi wake akasafiri bara. Walega wa mashariki ya Kongo hushona kauri kwenye kofia za wakubwa wa chama cha bwami. Pwani kauri ilipachikwa ukutani, bara ikavaliwa kichwani, na kote huko ilimtangaza mwenye heshima.

Je, wajua kwamba Kisangani ina ngazi zake Zanzibar?
Mwaka 1887 mfanyabiashara Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alifanywa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Nyumba yake ingalipo Shangani, Mji Mkongwe, na ngazi za mlangoni ni za marumaru nyeusi na nyeupe. Wapita njia huzipiga picha kwa uzuri wake. Mtu wa Kisangani akisimama pale ana haki ya kuuliza zililipwa na nini. Zililipwa na pembe za ndovu za misitu ya Kongo, na watu waliofungwa minyororo kuzibeba.

Na kigae chenyewe? Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa pambo jipya la ukuta na kwa kipande cha chungu kilichovunjika. Kwa hiyo ukitembea mji wa kale, kitazame kile cha chini kwa heshima uliyokipa kile cha ukutani. Kisha kiache mahali pake. Shimo la Kunduchi limeshatufundisha gharama ya mkono mmoja tu.