Je, Wajua? Kofi la Mwaka Mpya

Je, wajua kwamba Januari imebeba jina la bawabu? Warumi wa kale walikuwa na mungu wa milango, Janus, mwenye nyuso mbili: mmoja wa kutazama alikotoka, mwingine wa kutazama aendako. Tarehe 1 wengi wetu huwa na uso wa mbele tu. Ule wa nyuma hutujia tarehe 10, ada za shule zikidaiwa, na Wakenya wakiwa wameshaubatiza mwezi Njaanuari.

Je, wajua kwamba mfalme wa Babeli alifungua mwaka kwa kuzabwa kofi? Katika sikukuu ya Akitu kuhani alimvua taji, akamzaba. Mfalme akapiga magoti mbele ya mungu Marduk, akaapa kwamba mwaka mzima hakuutelekeza mji wala hakuwaonea watu wake. Akaongezwa kofi jingine. Machozi yakimtoka, mungu ameridhika, yasipotoka, balaa. Ukilinganisha na hapo, zile fomu za ofisini tunazojijazia alama wenyewe ni mchezo wa watoto.

Kwa kipigo, hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Babeli. Kila Julai, Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu husherehekea Mwaka Kogwa. Wanaume wa upande mmoja wa mji huwavaa wa upande wa pili kwa vishina vya migomba, na kila mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukimalizia hapo hapo uwanjani. Wanawake hupita na nguo zao nzuri, wakiimba. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, na wazee hutazama moshi umeelekea wapi ili wajue mwaka utakuwaje. Na "kogwa" ni kuoga. Mwaka haupokelewi na uchafu wa mwaka jana.

Je, wajua kwamba mwaka huo, Nairuzi, ndio uliowaongoza mabaharia wa pwani yetu? Una siku 365 zilizogawanywa kwa miongo ya siku kumikumi. Mwezi wa mwandamo hausaidii kujua pepo zitageuka lini.

Mwaka mpya huja na maazimio. Je, wajua kwamba azimio maarufu kuliko yote ya Afrika Mashariki lilifanyiwa tathmini na aliyeliandika? Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere akaandika "Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi". Aliyataja mafanikio, yakiwemo ya elimu na afya, lakini akakiri bila kuzunguka kwamba Tanzania haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Aliyasema hayo akiwa bado Rais, si mstaafu anayeandika kumbukumbu. Sijui viongozi wangapi wa leo wangethubutu.

Je, wajua kwamba Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya 1755, aliazimia kuamka mapema kwa miaka mingi ya maisha yake? Hakuweza.

Je, wajua kwamba zile "siku 21 za kujenga tabia" zilitoka kwa daktari wa kurekebisha sura? Maxwell Maltz aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Wasomaji wakalidondosha njiani neno "angalau". Phillippa Lally na wenzake wa London walipowafuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya, wa katikati alihitaji siku 66. Mwepesi alitumia 18. Mzito kuliko wote alikadiriwa 254, yaani mpaka Septemba.

Je, wajua kwamba katika utafiti wa John Norcross wa Marekani, asilimia 77 walishikilia maazimio yao wiki ya kwanza, lakini baada ya miaka miwili wakabaki asilimia 19?

Na hili lilinigusa mwenyewe. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba walioazimia kuanza jambo walifanikiwa kwa asilimia 59 hivi, na walioazimia kuepuka jambo kwa asilimia 47. Nilifungua droo nikakuta madaftari yangu matatu ya miaka mitatu. Ukurasa wa kwanza wa kila moja: "Kupunguza sukari." Kalamu tofauti, mwandiko uleule, na kwenye daftari la pili duara la kikombe cha chai. Mwaka huu nimeandika: "Chai ya saa kumi jioni, kijiko kimoja." Angalau hicho kinahesabika.

Tarehe 1 Januari ikikupita, usikate tamaa. Bajeti za Serikali za Kenya na Tanzania huanza mwaka wake tarehe 1 Julai, Makunduchi hufuata mwezi huohuo, na Ethiopia, yenye miezi 13, hufungua mwaka tarehe 11 Septemba, au 12 kila baada ya miaka minne.