MWALIMU WA KIINGEREZA NA HAZINA YA INTANETI

Wasomaji wetu wanakumbuka ya kwamba mwezi wa Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalitolewa kwa redio, yakachapishwa magazetini, na mengine yakawekwa katika intaneti. Ndipo ilipodhihirika ya kwamba kuwa na simu ya mkononi ni jambo moja, na kujua kuifundishia ni jambo jingine.

Hata leo mwanachuo anayejifunza kufundisha Kiingereza huambiwa kwa wepesi tu, "Katafute katika intaneti." Sisi twaona agizo hilo halitoshi. Tumfikirie kijana aliye katika mazoezi ya kufundisha huko Arua, mwenye darasa la watoto 80 na ubao mmoja. Usiku amepata mazungumzo mazuri yaliyotengenezwa London: watu wawili wanangoja treni ipitayo chini ya ardhi, huku wakilalamikia theluji. Sarufi haina kasoro. Lakini kesho yake nusu ya kipindi chaishia katika kueleza theluji ni kitu gani, na Kiingereza chenyewe hakijaguswa.

Tofauti na hayo ni hadithi za African Storybook, kazi iliyofunguliwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, ambayo Uganda na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuijaribu. Humo mna hadithi za watoto kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda, Kilugbara na lugha nyingine nyingi za Afrika, zilizopangwa kwa ngazi 5 kuanzia maneno ya kwanza. Tena mwalimu ana ruhusa ya kuzichapa, kuzitafsiri na hata kuzibadili bila kulipa. Ruhusa hii ya kubadili ndiyo tunayoithamini kuliko yote, maana inamtoa mwalimu katika hali ya kupokea tu.

Basi mkufunzi na awape wanachuo wake hadithi moja ya ngazi ya tatu, waipunguze iwafae wanaoanza, wachague maneno sita ya kufundisha, watunge maswali, kisha wainakili juu ya karatasi za manila. Siku ya kufundisha simu izimwe. Somo likisimama bila simu, limeandaliwa vema.

Wako watakaosema kwamba huko ni kurudi nyuma. Hatukubaliani nao. Mwezi wa Julai 2021 data za intaneti zilitozwa kodi ya asilimia 12, na mfuko wa mwanachuo sote twaujua. Zaidi ya hayo, kilichopo leo kesho chaweza kukoma. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 kutangaza Kiingereza chepesi, kisomwacho polepole kwa maneno machache, na baadaye kikawekwa katika intaneti kwa ajili ya wanaojifunza. Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Marekani iliisimamisha kazi ya shirika hilo, na wafanyakazi wake wengi wakapewa likizo ya lazima. Mwalimu aliyekuwa akingoja somo jipya kila wiki aliachwa mikono mitupu. Yule aliyejiwekea nakala aliingia darasani kama kawaida.

Wakaguzi wa mazoezi ya kufundisha huuliza daftari la maandalio. Tungependa waulize pia hizo nakala ziko wapi.